Kidole cha Kuazima

Saa nne na robo asubuhi Fundi aliambiwa kwamba amekufa, akiwa amesimama kwa miguu yake miwili mbele ya dirisha la nne, amevaa shati lililopigwa pasi na bintiye na viatu alivyoving'arisha mwenyewe. Aliyemwambia hakuwa mkorofi. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole, na aliyatamka maneno taratibu, kama mtu anavyoweka chini ndoo iliyojaa.

“Mzee, mfumo unaonyesha mlipwaji amefariki. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na moja.”

“Ndiyo, mwanangu,” Fundi akajibu. “Ni mke wangu. Ndicho kilichonileta.”

“Hapana, mzee. Si mama. Ni wewe.”

Fundi alimwangalia. Aligeuka akaangalia nyuma yake, labda dada anaongea na mtu mwingine. Nyuma yake palikuwa na bibi mmoja aliyesinzia na bahasha mapajani, na mwanamume mwenye mkongojo anayesoma tangazo la ukutani kwa mara ya ishirini. Basi alirudisha uso dirishani, akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua mkono auweke wapi.

“Mimi?”

“Wewe, mzee.”

Ili msimlaumu dada wa watu bure, ni lazima kwanza nieleze habari ya kidole.

Fundi alikuwa mwashi kwa miaka arobaini na tatu. Nusu ya kuta za mji ule zimepita mikononi mwake, na saruji haina adabu, haijui kwamba mikono inahitajika pia kwa mambo mengine. Inakula ngozi polepole. Alipofikisha miaka sitini na mbili na kwenda kujiandikisha kwenye posho ya wazee, vidole vyake vyote kumi vilikuwa laini kama vijiko. Mashine ilivikataa kimoja baada ya kingine. Ilikuwa miaka minane iliyopita, uwanjani, juani, na mwandikishaji alikuwa na watu mia mbili nyuma ya Fundi na njaa yake mwenyewe mbele. Alipangusa kioo cha mashine kwa shati lake, akajaribu tena, mashine ikakataa tena. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna mwandikishaji mwenye akili timamu angeuliza akiwa ameshiba.

“Mkeo yupo?”

Mke wake alikuwepo, amembebea maji ya kunywa.

“Mama, hebu lete dole gumba lako hapa.”

Akaliweka. Mashine ikalia kwa furaha. Hivyo ndivyo Fundi alivyoandikishwa: jina lake, picha yake, tarehe yake ya kuzaliwa, na dole gumba la mke wake. Hakuna aliyeona ajabu. Kwani kuna kitu gani ndani ya nyumba ile ambacho mkewe hakuwa amemsaidia kushika?

Tangu siku hiyo, kila baada ya miezi miwili walikwenda wote wawili dukani kwa wakala anayelipa posho. Fundi alitoa kadi, mkewe akatoa kidole. Wakala alijua, foleni nzima ilijua, na wanawake wa foleni hawakukosa la kusema. “Leo kidole cha mzee kimevaa gauni jipya!” Mke wake, fundi cherehani mwenye ulimi uliokuwa na makali kuliko mkasi wake, alikuwa anawajibu bila kuinua uso: “Kidole chenyewe kimeolewa. Msikiangalie sana.” Watu walivunjika mbavu, na Fundi akabandikwa jina la Kidole cha Kuazima. Hakuchukia. Kwa kweli alilipenda, kwa sababu kila lilipoitwa, mkewe alikuwa pembeni.

Mwezi wa tatu mkewe akashikwa na homa. Alilala siku nne nyumbani, siku mbili hospitali, na Jumanne asubuhi Fundi alipofika na chupa ya uji, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine. Siwezi kuieleza siku ile, na yeye mwenyewe hajawahi kuieleza. Alipewa karatasi ya kibali cha mazishi yenye muhuri mwekundu. Aliikunja mara nne bila kuisoma, akampa msimamizi wa makaburi, ambaye aliangalia muhuri tu na kumrudishia, na wakazika.

Posho ya mwezi ule haikuja. Wakala alisema imechelewa kwa watu wote, hazina wanahakiki majina. Mwezi wa tano, hivyo hivyo. Ilipofika mwezi wa sita wenzake wote wakalipwa na malimbikizo juu, yeye akabaki mikono mitupu, na wakala akamwambia kwa aibu, “Mzee, nenda ofisini. Mimi hapa hata jina lako silioni tena.”

Na ilikuwa lazima aende, kwa sababu ile posho ndiyo iliyokuwa kodi ya chumba. Ilikuwa hiyo tu, wala haikuwahi kuwa zaidi. Chumba kimoja na baraza, alichokaa na mkewe miaka ishirini na sita, chenye ukuta alioupiga plasta yeye mwenyewe, na dirisha ambalo mkewe aliweka cherehani chini yake ili apate mwanga wa bure. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa na tarehe. Alikuwa amevumilia miezi mitatu. Mwisho wa mwezi huu, alisema, akiwa hajaona kitu, kuna mpangaji mwingine. Fundi akikosa pale, hana pa kwenda isipokuwa kwa bintiye, msusi wa nywele, anayeishi na mume na watoto wanne katika vyumba viwili, ambako angelala kwenye njia ya kwenda chooni na kurukwa na wajukuu usiku kucha. Alimpenda sana bintiye, na hakutaka kumfanyia hivyo.

Basi alikuja ofisini akijua shida yake ni moja: kidole kimezikwa. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Angeeleza ukweli, angeomba radhi, angeomba wampe njia nyingine ya kuhakikiwa, maana alisikia siku hizi kuna namba za siri kwenye simu. Bintiye alifunga saluni siku hiyo ili amsindikize, ila mlinzi wa mlangoni alisema anayeingia ni mlipwaji peke yake, kwa hiyo msusi alibaki kwenye ngazi za nje. Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kufa.

“Dada yangu,” alisema sasa, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, “mimi ninayeongea na wewe ni nani?”

“Nakuona, mzee. Naamini ni wewe, picha ni yako. Ila taarifa imetoka hospitali. Wao wana mashine mpya, siku hizi marehemu anawekwa kidole kabla ya kibali kutoka, watu wasidanganye vifo. Kidole kikiwekwa, mashine inaleta jina.” Fundi aliona jinsi dada mwenyewe anavyolifikia jambo, hatua kwa hatua, macho yake yakipanuka nyuma ya miwani. “Mzee, kile kibali cha mazishi unacho?”

Alikuwa nacho. Alikitoa mfukoni, kimekunjwa mara nne, kimechakaa kwenye mikunjo. Miezi mitatu alikuwa ametembea nacho kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, kwa sababu kilikuwa karatasi ya mwisho iliyomhusu mkewe. Dada alikifungua, akakisoma, akaweka mkono mdomoni.

“Soma mwenyewe, mzee.”

Fundi alivaa miwani. Muhuri mwekundu. Tarehe kumi na moja. Jina la marehemu: jina lake. Lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu, bila kukosea hata herufi. Jinsia: mwanamume. Umri: miaka sabini. Aruhusiwe kuzikwa.

Alisoma tena tangu juu. Alikigeuza nyuma, kana kwamba huko ndiko walikoandika sahihi, na nyuma kulikuwa na doa la chai. Daktari alikuwa amekishika, mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa amekishika, msimamizi wa makaburi alikuwa amekishika. Shemeji zake wawili walikuwa wamekishika kwa zamu wakati wa kusubiri gari. Watu wote hao wenye macho, na hakuna aliyesoma. Yeye mwenyewe hakusoma! Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

“Sasa nilimzika nani?” aliuliza.

“Ulimzika mama, mzee. Ila kwa karatasi, ulijizika mwenyewe.”

Hata bibi aliyesinzia alikuwa ameamka, na yule wa mkongojo aliacha tangazo akageuka wazi wazi kusikiliza. Ndipo swali likaja, nalo lilikuja lenyewe, hakulitafuta.

“Na mke wangu? Hapo kwenye mashine yenu, yeye wanasemaje?”

Dada aliuliza jina, akabofya orodha ya vitambulisho. “Mama yuko hai,” alisema.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili Fundi hakumsimulia mtu. Kwa nusu ya sekunde aliamini. Alisikia maneno yale, kwa sauti ile ya upole, ndani ya ofisi ya serikali yenye bendera na saa ya ukutani, na moyo ulimruka ukampiga kifuani, na wazo likapita kwamba basi walikosea, basi yuko mahali fulani, amelazwa wodi nyingine, anamlalamikia nesi kuhusu shuka. Nusu ya sekunde tu. Halafu ikapita, na alipobaki bila hilo wazo alikuwa na hali mbaya kuliko alivyokuwa Jumanne ile hospitalini. Alikasirika. Alitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kumpiga.

“Kaa kwanza, mzee,” dada alisema. “Fomu za zamani haziko kwenye mashine, ziko stoo. Naenda kuleta faili lako, tuone mwandikishaji alichoandika.”

Alikaa karibu na yule bibi. Bibi alimgusa mkono, akamwambia, “Pole, kaka. Mimi waliniandika mwanamume miaka miwili. Nilizoea.” Alisema kwa nia njema, na wakati mwingine wowote Fundi angecheka mpaka machozi. Alitikisa kichwa tu.

Robo saa ilipita. Dada alirudi na vumbi kwenye mikono ya blauzi yake, na hakurudi na faili moja. Alirudi na mawili. Alimwita Fundi kwa ishara, na safari hii hakumwita dirishani, alimfungulia kile kimlango cha pembeni akamkalisha ndani, kwenye kiti cha wafanyakazi. Fundi alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba ukifunguliwa mlango wa ndani, hakuna jema.

“Hili ni lako,” alisema. “Mwandikishaji hakuandika kitu kuhusu kidole. Ameweka tiki tu kwamba kimekubali. Lakini lilikuwa limefungwa pamoja na hili la pili kwa kamba. La mama.”

“Mama nani?”

“Mama mkeo.”

“Huyo hakuwa na faili. Zamu yake ilikuwa bado.”

Hilo alikuwa na uhakika nalo. Mkewe alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba kwenye kitambulisho waliikosea tarehe yake ya kuzaliwa, wakampunguzia miaka, kwa hiyo serikali inamhesabu bado msichana. Alilisema kwa mbwembwe. Bintiye alikuwa anagombana naye kwa ajili hiyo. Wenzako wote wanapokea, mama, nenda hata ukaulize, wewe ni mvivu tu wa kupanga foleni. Siku moja alimwambia hivyo hivyo, mvivu, mbele ya wateja saluni, na mama alicheka akasema nikipewa uzee mapema nitazeeka kweli.

Dada alifungua faili. Ndani kulikuwa na picha ndogo ya mkewe, amevaa lile gauni la kola nyeupe alilolishona kwa ajili ya harusi ya binti, anaangalia kamera kwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa bei. Fundi hakuwahi kuiona ile picha. Tarehe ya maombi ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita. Umri wa mwombaji: miaka sitini kamili. Hapakuwa na kosa lolote kwenye kitambulisho.

“Alikuja mwenyewe,” dada alisema, akisoma. “Aliweka kidole, mashine ikakataa. Ikasema kidole hiki kinalipwa tayari kwa jina la mtu mwingine.”

“Kwa jina langu.”

“Kwa jina lako. Basi wakamweleza. Wakimwandikisha yeye, itabidi kidole kitolewe kwako, na malipo yako yasimame mpaka uchunguzi uishe. Mwaka mmoja, mara nyingine zaidi.”

Miaka mitatu iliyopita Fundi alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga imevunjika, anaoga akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na mkewe anammwagia maji. Hakuwa anaingiza hata senti. Hakuhitaji kukumbushwa.

“Na karatasi hii ya mwisho,” dada alisema, ila hakuisoma. Aliigeuza tu, akaisukuma mezani.

Ilikuwa fomu ya kufuta maombi. Chini yake palikuwa na sahihi ya mkewe, ile aliyokuwa akiishona kwenye pindo za nguo kwa uzi, herufi moja imelala juu ya nyingine. Juu yake aliandikiwa na karani: Mwombaji ameomba maombi yake yafutwe ili malipo ya mumewe yaendelee bila kusimama. Na pembeni, kwa kalamu nyingine, kwa mwandiko wa haraka: Mwombaji ameelezwa kwamba anapoteza haki yake. Amesisitiza. Ameomba mumewe asiambiwe.

Fundi aliisoma mara moja tu. Macho yalimtoka. Alitaka kusema neno, na kilichotoka ni sauti ambayo dada aliisikia akasimama kufunga mlango.

Miaka mitatu. Miaka mitatu mwanamke yule aliamka, akavaa, akaenda naye kwa wakala, akatoa kidole chake ili yeye alipwe, na kile kidole kilikuwa na haki yake mwenyewe. Alitania foleni. Alirudi nyumbani akainamia cherehani mpaka mgongo unagoma, naye Fundi alikuwa akikaa barazani na mkongojo wake akimwambia kwa masihara, mke wangu, fanya haraka uzeeke na wewe tupumzike. Kumbe alishazeeka. Alikuwa na sitini, sitini na moja, sitini na mbili, sitini na tatu, na alikuwa anashona sare za shule za watoto wa watu. Aibu ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Alijiona mtu mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kuvaa suruali.

“Mzee,” dada alisema. Aliongea kwa sauti ya chini sana. “Nataka kukusaidia. Kuna njia fupi.”

Alitoa fomu nyingine, nyeupe, isiyo na kitu. Alimweleza. Alama isiyo ya mlipwaji ni kosa. Kukiwa na kosa, wanauliza swali moja: mlipwaji alijua au hakujua? Akiandika alijua, faili linakwenda kwenye kamati ya uchunguzi, na wale hawana haraka. Mwaka utaisha bila jibu, na wanaweza kusema arudishe yote aliyopokea. Akiandika hakujua, kwamba ni mkewe aliyeweka kidole chake kwa siri, basi kosa ni la marehemu, na marehemu hashtakiwi. Faili linafungwa. Baada ya wiki mbili Fundi anafufuliwa kwenye mfumo, anapewa namba ya siri, analipwa na malimbikizo yote.

“Mama ameshatangulia,” dada alisema. “Hakuna atakayemfanya kitu. Nimewasaidia wazee wengi hivi. Andika tu, sikujua, mke wangu alifanya bila idhini yangu. Mistari miwili.”

Wiki mbili. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki tatu mbele. Fundi alifanya hesabu hiyo haraka kuliko alivyotaka kuifanya. Aliona chumba. Aliona mwenye nyumba akipokea, akisema unaona mzee, mambo yamekwenda. Alichukua kalamu. Siwezi kuwadanganya kwamba hakushawishika, alishawishika sana, na mkono ulishafika kwenye karatasi. Ila mbele yake palikuwa na faili wazi na ile picha ya gauni la kola nyeupe. Alijaribu kuliandika neno la kwanza, mkono ukamkatalia. Huyu amwandike mwizi? Wa kidole chake mwenyewe?

“Mwanangu,” alisema, “njia fupi siiwezi.”

“Mzee, tafadhali. Fikiria vizuri.”

“Nimefikiria.” Na akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo ukutani: Nilijua. Nilikuwa nimesimama pembeni yake kila mara. Alifanya kwa sababu yangu. Yeye hana kosa. Akatia sahihi.

Dada alivua miwani, akafuta macho kwa mkono wa blauzi wenye vumbi, akabakiwa na alama shavuni. Hakumgombeza. Alipiga muhuri, akaandika namba, akampa nakala.

“Sasa ni lazima nikwambie hali yako,” alisema, na sauti ilikuwa imerudi ya kiofisi kwa sababu vinginevyo isingetoka. “Mpaka kamati iamue, hakuna kinachobadilishwa kwenye mfumo. Mama atabaki hai. Wewe utabaki ulivyo.”

“Atabaki hai,” Fundi akarudia.

“Ndiyo, mzee.”

Alimshukuru, akatoka.

Bintiye alikuwa amekaa kwenye ngazi na viatu amevivua, anajipepea kwa gazeti. Alipomwona alisimama. “Wamekubali?”

Fundi alikaa kwanza. Alimweleza kwa mpangilio: kibali, kifo chake mwenyewe, njia fupi, na faili la mama aliliweka la mwisho. Alipofika kwenye njia fupi na kwamba aliikataa, msusi hakusubiri mwisho.

“Baba! Mistari miwili! Mistari miwili imekushinda?” Alipiga makofi, watu wakageuka. “Mama amekufa, baba! Hata wangemwandika jambazi, anasikia? Wewe unaishi, unakula, unahitaji kulala mahali! Mimi nitakuweka wapi? Niambie. Nitakuweka juu ya jiko?”

“Una haki ya kukasirika.”

“Kwa nini basi? Kwa nini?”

Alimpa nakala ya ile fomu ya kufuta maombi, ambayo dada alikuwa amemtolea bila kuombwa. Msusi aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Fundi alimwona alipofika kwenye tarehe, akamwona akirudi juu kwenye umri, akamwona alipofika pembeni. Aliketi ghafla, kwa kishindo, kwenye ngazi ya chini yake.

“Nilimwita mvivu,” alisema.

“Hukujua.”

“Mbele ya watu, baba. Mteja akacheka. Na yeye akacheka.” Alifunga mdomo kwa kiganja, na mabega yakaanza kutikisika, naye Fundi akamwekea mkono kichwani kama alivyokuwa anafanya zamani akiwa mdogo. Watu waliingia na kutoka, wakiwapisha bila kuuliza, maana pale kwenye ngazi zile kulia ni jambo la kawaida.

Mwishowe msusi alijifuta uso kwa gazeti, akavaa viatu. “Umeandika nini juu yake?” aliuliza.

“Kwamba hana kosa.”

Aliitikia kwa kichwa. Aliikunja karatasi, akaiweka ndani ya mkoba, akaufunga zipu, akamshika baba yake chini ya kwapa akamnyanyua.

“Twende kwa mwenye nyumba leo hii,” alisema. “Tumwambie chumba tunakitoa. Kitanda chenu hakitapita mlango wangu, lakini godoro litaingia.”